Mapaa ya Siena na Ukuta Usiokwisha

Katika nchi ya Italia, mwendo wa kilomita 70 hivi kusini ya Florence, uko mji wa kale uitwao Siena. Umejengwa juu ya migongo mitatu ya vilima ikutanayo mahali pamoja. Nyumba zake nyingi za zamani ni za matofali mekundu yaliyochomwa, na mapaa yake ni ya vigae vya udongo. Mtu akiutazama kwa mbali asubuhi, jua likiwa bado chini, aweza kudhani kwamba haukujengwa na watu bali umeota wenyewe kutoka ardhini, kama kichuguu kiotavyo. Udongo wake umepata sifa duniani, hata wachora picha wa nchi nyingi huiita rangi yake kwa jina la mji huo.

Huko ndiko alikokwenda mzee mmoja wa Kenya, mkulima wa kahawa katika sehemu za Murang'a, ambaye zamani alikuwa karani wa serikali. Binti yake alikuwa akisoma katika chuo kikuu cha mji huo, chuo ambacho chanzo chake ni mwaka wa 1240. Masomo yalikuwa yamekwisha, na baba aliitwa kuja kumwona akipokea shahada yake. Kwa hakika mzee hakwenda kutazama majengo. Alikuwa na jambo lake moyoni, nalo lilivuka bahari pamoja naye.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miaka kumi na minne kabla ya safari hiyo, mzee alianza kujenga nyumba ya orofa. Jirani yake alikuwa amejenga nyumba yenye orofa moja juu, naye akaapa kwamba yake itakuwa na mbili. Akajenga vyumba vinne vya chini kwa mawe mazuri ya kuchonga, akamwaga zege, akainua nguzo za juu. Ndipo bei ya kahawa ilipoanguka, na mkewe akashikwa na ugonjwa mrefu uliokula fedha mwaka baada ya mwaka, na mwisho ukamchukua. Ada za shule nazo hazikungoja. Tangu hapo nyumba ilisimama vile vile, vyuma vya nguzo vikielekea mbinguni na kushika kutu, na mzee akaendelea kulala katika nyumba yake ya zamani ya mbao. Kila alipoulizwa itakwisha lini, alijibu, "Kesho." Basi vijana wa kijiji wakaipa nyumba jina hilo hilo: Kesho.

Sasa alikuwa amempata mtu wa kununua ekari moja ya shamba lake, ile iliyo karibu na mto, ili apate fedha za kuimaliza nyumba kabla hajafa. Karatasi zilikuwa tayari, zikingoja sahihi yake tu. Binti hakupendezwa na habari hizo, lakini mtoto mwenye adabu hampingi baba yake waziwazi. Alinyamaza.

NGAZI NYEMBAMBA

Siku ya pili binti alimpeleka baba yake kuliona kanisa kuu la mji. Kanisa hilo limejengwa kwa mistari ya marumaru nyeupe na nyeusi, mstari juu ya mstari, ndani na nje, na juu yake pana kuba lililokamilika katika karne ya 13. Mzee alikuwa akiwajua Waitaliano kwa jengo moja tu, lile kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu, ambalo wafungwa wa vita wa Kiitaliano walilijenga mwaka wa 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile ya bondeni. Sasa aliona nchi ambayo mafundi wale walitoka, akatikisa kichwa.

Lakini walipozunguka ubavuni mwa kanisa, alisimama ghafula. Mbele yake palikuwa na ukuta mkubwa mno uliosimama peke yake, wenye matao marefu na nafasi ya dirisha kubwa, na katika dirisha hilo hapakuwa na kioo wala chumba nyuma yake, ila mbingu tupu.

"Hapa palipigwa bomu wakati wa vita?" akauliza.

"La, Baba," akajibu binti. "Ukuta huu haukubomolewa na adui. Haukumalizika."

Kwa kweli vita vilipita Siena kwa huruma. Tarehe 3 Julai 1944 majeshi ya Ufaransa yaliingia mjini, na wengi wa askari wake walikuwa Waafrika wa kaskazini, Waalgeria na Wamoroko; na mji wa kale, ule uliomo ndani ya kuta, uliokoka bila kuharibiwa. Ukuta ule ulikuwa umesimama hivyo hivyo tangu karibu miaka 600 kabla ya vita hivyo.

Ngazi ya kupandia juu imo ndani ya unene wa ukuta wenyewe, nayo huzunguka kama ganda la konokono, nyembamba hata watu wawili wanene hawawezi kupishana. Mzee, ambaye magoti yake hayakuwa tena ya ujana, alipumzika mara tatu. Binti alitangulia, kisha akarudi nyuma na kumpa mkono. Walipotokea juu, upepo ukawapokea, na mzee akasahau habari ya magoti.

MAPAA YA BABU NA MJUKUU

Chini yao mapaa yalienea pande zote, mengine mekundu, mengine ya kahawia, mengine yamepauka kama ganda la karanga, na mengine yameota kuvu ya kijani upande usiopata jua. Mitaa ilipita katikati yake kama nyufa katika udongo mkavu, na sauti za watu zilipanda kidogo kidogo, kwani magari ya watu wote yalikatazwa kupita katikati ya mji ule tangu miaka ya 1960.

Mzee aliinama kutazama jinsi mapaa yale yalivyoezekwa. Vigae ni vya aina mbili. Kimoja ni bapa, chenye kingo zilizoinuliwa. Kingine kimepindwa kama nusu ya mwanzi, nacho hufunika mahali ambapo vile bapa vinakutana. Maji ya mvua hushuka katika njia zilizofanyika hivyo, wala hayapati pa kuingilia. Kigae kimoja kikivunjika, fundi hupanda akakitoa hicho kimoja na kuweka kingine, bila haja ya kuvua paa zima. Ndiyo sababu paa moja lina rangi nyingi: kuna vigae vya babu, vya baba na vya mjukuu, vyote vikifanya kazi moja ya kuzuia mvua.

Upande mmoja waliona uwanja mkuu wa mji, uitwao Campo, ambao umetandikwa matofali na kuinamia chini upande mmoja kama ungo uliolazwa. Mistari ya mawe meupe huugawa uwanja huo sehemu tisa. Mwisho wa mteremko lipo jumba la baraza la mji, na ubavuni mwake mnara wa matofali wenye urefu wa zaidi ya mita 80, na kichwa cha mawe meupe. Mnara huo ulikamilika mwaka wa 1348, na jina lake, Mangia, latokana na mpiga kengele wake wa kwanza, ambaye watu walimbandika jina la utani la mla-faida kwa sababu hakuweza kuweka akiba ya mshahara wake. Mzee alicheka aliposikia hayo. Alijua jinsi jina la utani linavyoweza kung'ang'ania jengo.

Lakini kilichomshangaza zaidi mkulima huyu ni mashamba. Ndani ya kuta za mji, baina ya mgongo mmoja wa kilima na mwingine, mabonde yalikuwa ya kijani kibichi: mizeituni, mizabibu na bustani za mboga, hatua chache tu kutoka kwenye jumba la serikali.

"Mji gani huu ulioacha ardhi nzuri namna hii bila kuijenga?" akauliza. "Nairobi ingekuwa imekwisha kuimeza."

Binti akamwambia angoje kidogo, kwani jibu lake lilikuwa moja na habari za ule ukuta waliousimamia.

SHERIA YA MADIRISHA

Kwanza alimwonyesha madirisha. Baadhi ya nyumba zinazouzunguka uwanja zina madirisha yanayofanana, kila moja limegawanywa kwa nguzo ndogo nyembamba kama yalivyogawanywa madirisha ya jumba la baraza. Mgeni adhani ni bahati, au kwamba fundi mmoja alizijenga zote. Sivyo. Mwaka wa 1297 serikali ya mji ilitoa amri kwamba mtu ye yote ajengaye nyumba inayotazama uwanja huo sharti atengeneze madirisha ya namna hiyo, wala asitoe roshani mbele ya nyumba yake.

"Hata mwenye mali nyingi?"

"Hata mwenye mali nyingi, Baba."

Siena wakati huo ilitawaliwa na baraza la watu tisa, ambalo lilishika madaraka tangu 1287 hata 1355. Watu hao hawakuwa maskini; walikuwa wafanya biashara na wenye fedha za kukopesha, na wakuu wa jamaa za kale hawakuruhusiwa kuingia katika baraza lao. Lakini kila kundi la tisa lilitawala miezi miwili tu, kisha likawapisha wengine, na katika miezi hiyo walikaa ndani ya jumba la serikali wakifanya kazi ya watu. Zile sehemu tisa za uwanja husemwa kuwa ni ukumbusho wao.

Mwaka wa 1309 watawala hao waliagiza sheria zote za mji zitafsiriwe kutoka Kilatini, lugha ya wataalamu, ziwe katika lugha ya kila siku ya wenyeji. Karani aliyepewa kazi hiyo aliitwa Ranieri Ghezzi Gangalandi. Iliamriwa kwamba kitabu kiandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri, ili watu maskini na wengine wasiojua Kilatini waweze kukisoma na hata kunakili wanachotaka. Katika sheria hizo imo moja isemayo kwamba watawala wa mji yawapasa kuutunza uzuri wake, kwa furaha ya wageni na kwa heshima ya wananchi. Kitabu hicho kingali kimehifadhiwa mjini hata leo.

Mahali hapo hapo pamewekwa majalada ya mbao ya vitabu vya hesabu za hazina ya mji, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 700, na juu yake wachoraji wazuri wa mji walichora picha. Katika baadhi yake yumo mtunza hazina mwenyewe, ameketi mezani pake, fedha mbele yake. Mzee, ambaye alikaa miaka mingi akijaza daftari ambazo hakuna aliyezitazama mara ya pili, aliomba apelekwe kuyaona kabla hajaondoka.

MAJI CHINI YA MIGUU

Jambo la pili ambalo binti alimweleza halionekani kutoka juu. Siena haina mto. Mji wenye watu wengi juu ya vilima vikavu utaishije? Wenyeji walichimba njia za chini kwa chini katika mwamba mlaini, na kuyaleta maji polepole kutoka chemchemi na matone ya mvua yaliyochujwa na mchanga. Njia hizo zina urefu wa kilomita 25 hivi, na mtu aweza kutembea katika sehemu nyingi za njia hizo akiwa amesimama wima. Katika miaka ya 1340 maji yalifika uwanja mkuu wenyewe, na watu wakafurahi mno hata chemchemi ile ikaitwa Fonte Gaia, yaani chemchemi ya furaha.

Katika visima vikubwa vya mitaani maji yalikuwa na utaratibu wake. Birika la kwanza lilikuwa la maji ya kunywa. Yaliyofurika humo yaliingia katika birika la pili, wakanywa wanyama. Yaliyofurika huko yakaingia katika la tatu, wanawake wakafua nguo. Hivyo tone moja lilifanya kazi tatu kabla halijaondoka mjini. Mzee alisikiliza hayo kwa makini kuliko yote aliyoambiwa siku ile, kwani kila mwaka yeye na jirani zake hugombana kwa sababu ya mfereji mmoja.

KIBURI NA TAUNI

Ndipo binti akafika kwenye habari ya ukuta.

Florence, mji jirani na mshindani wa Siena, ulianza mwaka wa 1296 kujenga kanisa kuu jipya, kubwa mno. Watu wa Siena walikuwa na kanisa lao, zuri na kubwa, lakini moyo haukutulia. Mwaka wa 1339 baraza likakata shauri kujenga kanisa ambalo lingepita yote. Kanisa lile lililokuwako, lile lenye kuba na marumaru, lisingevunjwa: lingekuwa mikono tu ya msalaba, na mwili wa msalaba ungejengwa mpya ubavuni mwake. Fundi mkuu alikuwa Lando di Pietro, mfua dhahabu, aliyeitwa arudi kutoka Napoli kwa kazi hiyo. Lakini alikufa mwaka uliofuata, 1340. Wengine wakaendelea. Matao yakasimama, nguzo zikasimama, na ukuta wa mbele ukapanda hata mahali waliposimama mzee na binti yake.

Mwaka wa 1348 tauni ikafika Siena. Iliingia mwezi wa Mei, na kwa miezi michache iliua watu wengi mno, hata wataalamu wengi hufikiri kwamba nusu ya wenyeji, au zaidi, walikufa. Mtu mmoja wa mji huo, Agnolo di Tura, aliacha maandishi ya siku zile, na ndani yake alieleza kwamba yeye mwenyewe aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake. Hakuwako mtu wa kupiga kengele za maziko, wala wa kulia, kwani kila mtu alitazamia zamu yake.

Binti alipofika hapo alisita. Alijua kwamba baba yake naye alishika jembe siku ile walipomzika mama. Mzee hakusema neno. Alitazama mabonde ya kijani.

Kisha binti akampa jibu la lile swali lake. Kuta za mji zilikuwa zimepanuliwa kabla ya tauni, kwa kuwa watu walikuwa wakiongezeka, na ilidhaniwa kwamba mabonde yale yatajaa nyumba. Hayakujaa. Waliotazamiwa kuyajaza walizikwa, na waliobaki wakapanda mboga. Bustani zile zilikuwa kumbukumbu ya watu ambao hawakuzaliwa.

Na kanisa? Kwa muda kazi iliendelea kwa kusuasua. Mafundi walioitwa kutoka Florence kuipima wakaona kwamba nguzo hazikuwa na nguvu ya kuuchukua uzito uliokusudiwa, na kwamba kulimaliza jengo lile kungetaka fedha na miaka ambayo mji haukuwa nayo. Mwaka wa 1357 baraza likaamuru kazi isimame. Sehemu zilizokuwa za hatari zikabomolewa. Upande mmoja wa kanisa jipya, ambao ulikuwa imara, ukazibwa matao yake ukatumiwa. Leo ni nyumba ya ukumbusho, na humo imo picha kubwa ya Bikira Maria iliyochorwa na Duccio, ambayo watu wa mji waliibeba kwa maandamano hata kanisani mwaka wa 1311. Mahali pa katikati, ambapo waumini wangepiga magoti, ni uwanja wazi, na watu hupita na vikapu vyao. Ukuta wa mbele uliachwa kama ulivyo.

"Hawakuona haya?" mzee akauliza.

"Labda waliona, Baba. Lakini walikuwa na kanisa lile la kwanza, wakarudi wakasali humo. Na kwa kuwa ukuta huu haukumalizika, leo kila mtu aweza kupanda hapa akauona mji mzima. Ungemalizika, hapa pangekuwa paa tu."

PICHA UKUTANI

Jioni walishuka hata kwenye jumba la baraza, na katika chumba walichokutania wale tisa waliona picha zilizochorwa ukutani na Ambrogio Lorenzetti katika miaka ya 1338 na 1339. Upande mmoja ni utawala mbaya: dhalimu mwenye pembe ameketi, haki imefungwa kamba miguuni pake, na mashamba yameachwa yakiteketea. Upande wa pili ni utawala mwema, na huko mzee alikaa muda mrefu hata mlinzi akaanza kumtazama.

Aliona mji wenye mapaa kama yale aliyoyaacha juu, na milango wazi. Mshona viatu yumo dukani mwake. Mwalimu yuko mbele ya wanafunzi. Wasichana wacheza ngoma mtaani. Na juu kabisa, waashi wako kazini wakijenga nyumba ambayo bado haijakwisha. Nje ya lango mkulima analima kwa ng'ombe, wengine wanapura ngano, na mtu mmoja anamsukuma nguruwe mweusi mwenye mshipi mweupe kupanda njia ya mjini. Mji na shamba viko katika picha moja, na lango lililo katikati liko wazi. Mchoraji aliwaonyesha watawala kila siku kwamba wakila mkate, mkate ule ulipita katika lango hilo.

Lorenzetti mwenyewe anadhaniwa kuwa alikufa katika tauni ya 1348, miaka tisa tu baada ya kumaliza kazi ile. Mnamo 1355 baraza la watu tisa likapinduliwa. Mnamo 1555, baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, Siena yenyewe ilisalimu amri mbele ya majeshi ya mfalme Karolo wa Tano na ya mtawala wa Florence, na tangu hapo haikuwa tena dola. Kwa karne nyingi haikuwa na fedha za kubomoa ya kale na kujenga mapya. Hivyo ndivyo ilivyohifadhika hata mwaka wa 1995, shirika la UNESCO lilipoliingiza eneo la kale la mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Kanisa ambalo lingewashinda majirani halikusimama. Ile amri ndogo ya madirisha, ambayo haikumgharimu mtu zaidi ya nguzo nyembamba ya jiwe, ingali yaonekana.

Wakitoka nje, mzee alisimama katikati ya uwanja, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Ile ekari ya mtoni mama yako ndiye aliyeipanda nduma."

"Nakumbuka, Baba," akajibu.

Hawakuongea zaidi juu ya jambo hilo siku ile, wala siku ya shahada.

KESHO

Mzee aliporudi nyumbani, mnunuzi alikuja na karatasi zake. Alikaribishwa kwa heshima, akapewa chai, akaambiwa kwamba shamba haliuzwi. Mnunuzi alikasirika, na watu wengine kijijini wakasema kwamba safari ya ng'ambo imempotosha mzee akili.

Wiki iliyofuata aliita fundi. Nguzo za juu zilipigwa nyundo, zikaonekana zimeoza ndani kwa kutu, zikaangushwa kabla hazijamwangukia mtoto wa watu. Vyuma vilikatwa. Mawe yaliyobaki yalijengewa tangi la maji, lenye birika la pili chini yake kwa ajili ya ng'ombe, na mfereji kutoka hapo hata kwenye mboga. Kuhusu paa, mzee aliuliza bei ya vigae, akaguna, akanunua mabati na rangi nyekundu. Vyumba vinne vya chini vikaezekwa, vikapigwa lipu, na mwezi wa pili akahamia humo, miaka kumi na minne baada ya kuweka jiwe la kwanza.

Nyumba ya jirani bado ni ndefu kuliko yake. Kwenye ukuta mmoja, upande wa ngazi iliyokusudiwa kwenda orofani, fundi alitaka kuziba na kusawazisha, lakini mzee alimkataza. Zile daraja za kwanza zimebaki, zikipanda hata usawa wa paa na kukomea hapo, na jioni yeye huketi juu yake akitazama shamba hadi mtoni.

Vijana wa kijiji hawakubadili jina. Mgeni akiuliza nyumba ya mzee, huelekezwa kwenye paa jekundu, akaambiwa, "Pale, kwa Kesho." Naye mzee husikia, wala haoni vibaya, kwani mvua ikinyesha haimpati.